Jinsi Ntungu Ilivyopumzishwa

Mkuu wa Nchi alipiga mwayo. Alikuwa katikati ya hotuba ya kufungua daraja, televisheni ya taifa ikionyesha moja kwa moja, kwa hiyo hapakuwa na namna ya kuuficha. Hayo yalitokea katika nchi ambayo jina lake likitajwa, wenyeji wake hucheka kwanza, kisha hutazama mlangoni. Mawaziri waliokuwa jukwaani wakapiga miayo nao, kwa uzalendo. Mmoja aliyechelewa kupanua kinywa alitakiwa ajieleze. Alipojieleza kwamba jana yake alikuwa amelala vizuri, akaachishwa kazi kwa kosa la kulala wakati Mkuu yuko macho.

Wiki haikuisha, ikaundwa Wizara ya Mapumziko na Burudani. Wataalamu walikuwa wamebaini kwamba taifa zima limechoka. Wenye njaa tu ndio hawakuingizwa katika hesabu hiyo, maana wizara ilifafanua kwamba wao hawajachoka, wamelegea.

Miongoni mwa watumishi waliohamishiwa wizara hiyo alikuwa Leokadia Kagoma, mwanamke wa makamo asiye na makuu, aliyekuwa amekaa Wizara ya Maji akipanga visima ambavyo havikuchimbwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na tabia ya watumishi wengi wa nchi ile: jambo likimuuma, aliliandika kwa lugha nzuri zaidi.

Siku moja Katibu Mkuu wa wizara, Bwana Pastory Ngemela, alimwita ofisini kwake.

"Bi Leokadia, nasikia kwenu ni Ntungu, kando ya Ziwa Lumuli."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Hongera sana."

Leokadia akaingiwa na wasiwasi, maana katika nchi ile mtu akipongezwa kabla ya kuelezwa jambo, ajue kuna kitu chake kinaondoka. Lakini maelezo yalipokuja yalikuwa mazuri. Daktari alikuwa amemshauri Mkuu wa Nchi akapige kambi kando ya maji, alale hemani, aote moto, avue samaki kwa ndoana kama watoto. Ufukwe wa Ntungu ungegeuzwa kuwa Hifadhi ya Burudani ya Ziwa Lumuli, na Leokadia ndiye angekuwa katibu wa kamati ya maandalizi.

Alitoka mle ofisini moyo ukiwa mwepesi. Mama yake, Kokugonza, alikuwa bado anaishi palepale ufukweni, katika nyumba aliyoijenga marehemu mumewe. Leokadia akawaza kwamba sasa barabara ya kwao itachongwa, na pengine Mkuu akiumwa na mbu, Ntungu itapata zahanati.

*

Kamati ilikutana mara nyingi. Vikao vya mwanzo vilimalizikia kwenye suala la machweo. Kipeperushi cha hifadhi kilikuwa tayari kimechapwa, na picha yake ilionyesha jua likizama ziwani. Leokadia akalazimika kuieleza kamati kwamba Ntungu jua huchomoza ziwani na kuzama nyuma ya vilima. Wajumbe walimtazama kama aliyeleta utovu wa nidhamu. Mwanasheria akapendekeza ziwa litazamwe kutoka ng'ambo, lakini ng'ambo ilikuwa nchi ya watu wengine. Mwishowe wakakubaliana kwamba Mkuu ataonyeshwa mawio na kuambiwa ni machweo, kwa kuwa hakuna mtu katika msafara mwenye cheo cha kumrekebisha.

Suala la moto wa kambi nalo lilichukua muda. Maofisa wa usalama walitaka uwashwe mapema, uzimwe, ukaguliwe, ndipo Mkuu aote majivu.

Hapo ndipo Bwana Ngemela alipokohoa.

"Limebaki jambo dogo," akasema. "Pale ufukweni pana watu."

Mjumbe wa utalii akaeleza kitaalamu. Mtu aliyetoka mjini kupumzika hutaka kuona mahali pasipo na mtu. Watu huharibu mandhari. Huanika dagaa, hufua, huitana kwa sauti. Wataondolewa kwa muda, mandhari ipone.

"Kwa muda gani, Mheshimiwa?" Leokadia akauliza.

"Kwa muda," alisema Bwana Ngemela.

"Nilikuwa nauliza, muda wenyewe..."

"Wa muda, Bi Leokadia. Neno lenyewe linajieleza."

Leokadia alitaka kusema kwamba mmoja wa wale watu ni mama yake. Maneno yalimfika kwenye meno yakasimama. Aliwatazama wajumbe, akaona wote wameinamia korosho zilizokuwa mezani, akainama naye. Katika kumbukumbu za kikao aliandika kwamba wajumbe waliafiki kwa kauli moja, na hati ilikuwa nzuri kama kawaida yake.

"Ndiyo maana tulikuchagua wewe," Bwana Ngemela alimwambia wakitoka. "Utawaeleza kwa lugha yao. Habari ikitoka kwa mtoto wa nyumbani haiumi."

*

Mama Kokugonza alikuwa akigeuza dagaa juani gari la wizara lilipoegeshwa kando ya uzio wake wa mibono. Hakuacha kazi. Alilitazama gari, akakitazama kibendera chake, kisha akamtazama binti yake aliyekuwa akishuka na viatu vyenye visigino vinavyozama mchangani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja kama mtoto au umekuja kama gari?"

Leokadia akavua viatu, akachuchumaa, akaanza kugeuza dagaa pamoja naye. Akasema kilichomleta. Serikali imeona wananchi wamechoka, inataka wapumzike.

"Nani aliiambia tumechoka?"

"Mtapewa mahema mapya, Mama. Kule juu kwenye kilima cha Mabare."

"Nina nyumba."

"Ni kwa muda tu."

Mama akaelekeza kidole nyuma ya nyumba, kwenye kaburi lililozungushiwa mawe meupe. "Na baba yako je? Na yeye amelala pale kwa muda?"

Leokadia akaendelea kugeuza dagaa. Jioni ile akaondoka na mfuko wa dagaa aliofungiwa na mama yake kama kila mara, na njia nzima harufu yake ilijaa garini, naye akajizuia kulia mbele ya dereva.

Bwana Ngemela alikuja mwenyewe kuhutubia mkutano wa kijiji. Aliongea kwa saa nyingi juu ya faida za utulivu. Alisema mataifa makubwa yalifika yalipo kwa kukaa chini, na kwamba mwananchi anayekataa kupumzika anaipa nchi sura ya uchovu mbele ya wafadhili. Alipomaliza, mzee mmoja aitwaye Byera, jirani wa Mama Kokugonza, alinyoosha mkono.

"Mheshimiwa, sisi tunakula ziwani. Tukipumzika, tutakula nini?"

"Swali zuri sana," alisema Bwana Ngemela. "Linaonyesha wazi jinsi mlivyochoka."

*

Barabara ya Ntungu ilichongwa kweli, kama Leokadia alivyokuwa ameota. Ilichongwa ili tingatinga lipite.

Kazi ile haikuitwa kubomoa. Katika hati zote iliitwa kupumzisha, na nyumba zilizokwisha kuanguka ziliitwa nyumba zilizopumzishwa. Watu walipandishwa Mabare na vyungu vyao, kuku wao na wagonjwa wao, wakagawiwa mahema ya buluu yaliyoagizwa ng'ambo kwa ajili ya msafara wa Mkuu, ambayo msafara ulikuwa umeyakataa kwa kuwa ni madogo. Kila hema lilichorwa mnyama mnene mwenye manyoya akitabasamu, mnyama ambaye hakuna aliyewahi kumwona nchini, na watoto waliogopa kulala naye.

Mabare, kama jina lake katika lugha ya Ntungu, ni mawe. Maji hayapo. Kutoka pale juu ziwa lilionekana lote, likimetameta, na wanawake waliposhuka na ndoo walirudishwa na walinzi. Walielezwa kwa heshima kwamba yale sasa ni maji ya burudani. Wakaelekezwa kwenye dimbwi nyuma ya kilima, walikokunywa ng'ombe.

Mjukuu wa Mzee Byera, mtoto wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea, alishikwa na tumbo la kuhara. Wakamkimbiza kwenye hema la huduma ya kwanza, wakakuta limejaa maboya ya kuogelea. Akafa akiwa mgongoni kwa mama yake, njiani kwenda mjini, juu ya ile barabara mpya.

Ripoti ya kambi ilitakiwa ifike kwa waziri siku hiyohiyo. Leokadia alimpigia simu Bwana Ngemela, akamwuliza aandikeje. Bwana Ngemela aliuliza jina la mtoto, maana naye alikuwa na wajukuu. Kisha akasema ripoti ya mapumziko haina mahali pa kufa.

"Andika kwamba ameondoka kambini mapema," akasema.

Leokadia akaandika.

*

Mkuu wa Nchi alifika kwa helikopta. Alipokuwa bado angani aliona safu kwa safu za mahema ya buluu, moshi wa mafiga ukipanda, watu wamekaa chini wametulia. Alishika mkono wa waziri.

"Watu wote hawa wamejitokeza kupiga kambi?"

Waziri akatazama nje. Alikuwa na sekunde chache za kuwa mtu mkweli, nazo zikapita. "Ndiyo, Mtukufu. Kwa hiari yao."

Mkuu alifutwa machozi na msaidizi wake. Akaamuru helikopta itue Mabare kwanza, akawasalimie wapiga kambi wenzake. Upepo wa kutua kwake uling'oa mahema kadhaa, na waliokuwa ndani wakaonekana kwenye televisheni wakikimbilia kumlaki.

"Ndugu wapiga kambi," alisema, sauti ikimtetemeka. "Nilidhani nimechoka peke yangu. Leo nimeona mnavyoishi chini ya anga, bila kuta, bila tamaa ya vitu. Naagiza kambi hii isivunjwe kamwe."

Maofisa wakapiga makofi mpaka viganja vikawauma. Watu wa Ntungu hawakupiga. Ikaelezwa baadaye kwamba walikuwa wamepumzika kiasi cha kushindwa kuinua mikono.

Mkuu akatembea katikati ya mahema, akasimama mbele ya Mama Kokugonza aliyekuwa ameketi juu ya jiwe.

"Mama, unaonaje mapumziko?"

Mama Kokugonza aliijua lugha ya taifa, lakini siku ile alijibu kwa lugha ya Ntungu, taratibu, akimtazama usoni. Mkuu akageuka kutafuta mkalimani. Leokadia akasukumwa mbele. Bwana Ngemela akamkodolea macho kama mtu anayemtazama mtoto amebeba sahani za wageni.

"Anasema nini?" Mkuu akauliza.

Leokadia alifikiria maneno mazuri, na yalikuwapo mengi, alikuwa ameyafanyia kazi maisha yake yote. Akamtazama mama yake, kisha Mzee Byera aliyekuwa amesimama nyuma na kanga ya mjukuu begani.

"Anasema anataka kurudi kwake," akasema.

Akangoja kukamatwa. Lakini Mkuu alitabasamu, akawageukia mawaziri.

"Mnaona? Haya ndiyo matunda. Mtu akishapumzika vizuri, hukumbuka kwake. Mrudisheni mama huyu nyumbani kwake leo hii."

*

Amri ilikuwa imerekodiwa na televisheni, kwa hiyo ilikuwa lazima itekelezwe. Ugumu ulikuwa kwamba kwake Mama Kokugonza ndipo lilipokuwa limesimikwa hema la Mkuu, lile kubwa lenye vyumba na zulia, na kitanda chake kimewekwa palipokuwa jiko la mama. Kaburi la nyuma lilikuwa limepandwa nyasi, juu yake vikawekwa viti vya kuotea jua.

Gari likamshusha mama na binti yake mpaka lango la hifadhi. Walinzi wakasema Mkuu ameamuru mtu asiingie. Dereva akasema Mkuu ameamuru mama huyu arudishwe kwake, ndani humo. Pande zote mbili zilikuwa zinatii, na kwa kuwa zilitii kwa nguvu sawa, gari likakaa pale langoni hadi abiria wakaanza kusinzia.

Bwana Ngemela ndiye aliyelifungua fundo. Alifika akihema, akawaambia walinzi na dereva kwamba kisheria kwa mzazi ni kwa mwanawe. Hivyo Mama Kokugonza akasafirishwa hadi mji mkuu, akapandishwa ngazi za jengo la ghorofa ambalo hakuwahi kulitia machoni, akafunguliwa mlango wa nyumba ya kupanga ya Leokadia. Televisheni ilimpiga picha akivuka kizingiti. Taarifa ya habari ikasema amerejea nyumbani salama.

Leokadia naye alizawadiwa. Akafanywa mkuu wa kitengo cha kambi, akakabidhiwa simu ya wizara, na bila idhini yake ya simu hakuna kigingi kilichochomekwa Lumuli. Akaambiwa aanze maandalizi ya ziwa jingine.

Nyumbani, mama yake alikuwa akikaa sebuleni akilitazama dirisha, na dirisha lilitazama ukuta wa jengo la pili. Hakulalamika. Alipika, alifagia, alisali. Jioni moja wakila, akaweka tonge chini.

"Yule mtoto wa kwa Byera. Nasikia wewe ndiye uliyeandika. Uliandika nini?"

Leokadia akatazama sahani. "Niliandika ameondoka mapema."

Mama yake akanawa mikono. "Hata si uongo," akasema. "Ndiyo maana inaniuma."

Leokadia hakulala vizuri tangu siku ile. Akaomba likizo ili ampeleke mama yake akalione kaburi la mumewe. Ombi likakataliwa. Bwana Ngemela alimweleza kwa masikitiko kwamba wizara imebanwa, na kwamba tangu ianzishwe hakuna mtumishi wa Mapumziko aliyewahi kupumzika.

Leokadia akamsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru. Jumamosi yake, yeye na mama yake wakapanda basi.

*

Mkuu alikuwa ameondoka siku nyingi. Alikuwa amelala usiku mmoja tu, akasumbuliwa na vyura, na tangu hapo hifadhi ilikuwa tupu, nyasi zake zikimwagiliwa kila asubuhi. Askari wa langoni aliona kitambulisho cha wizara, akapiga saluti, akamwuliza mama sababu ya ziara yake.

"Kupumzika," alisema Mama Kokugonza, kwa lugha ya taifa iliyonyooka.

Waliteremka hadi ufukweni. Mama alitembea bila kuuliza njia, ingawa hapakuwa na nyumba wala mti wa kumwongoza. Akafika penye viti vya kuotea jua, akavisogeza kimoja kimoja, akapiga magoti, akapapasa nyasi kwa viganja mpaka akagusa jiwe. Leokadia alipiga magoti kando yake. Walikaa hivyo, upepo wa ziwa ukiwapuliza.

Jua liliposogea vilimani, kengele ya kufunga ikalia. Mama Kokugonza hakuinuka, na binti yake akabaki naye.

Kule Mabare, watu wanaoutazama ufukwe mchana kutwa walikuwa wamewaona. Mzee Byera ndiye wa kwanza kung'oa vigingi vya hema lake. Hakumwita mtu. Alilikunja, akalitia kichwani, akaanza kuteremka, na mkwe wake, mama wa yule mtoto, akafuata na sufuria. Kisha hema jingine likalala, na jingine, mpaka kilima kikaanza kurudia rangi yake ya mawe.

Mkuu wa walinzi, Sajenti Magesa, aliwakuta getini na kuwauliza wanakwenda wapi.

"Hii si hifadhi ya kupiga kambi?" alisema Mzee Byera. "Na sisi si wapiga kambi? Mkuu alisema kambi isivunjwe. Hatuivunji. Tunaisogeza."

Sajenti Magesa alisoma bango la lango, juu hadi chini. Liliwakaribisha wapiga kambi wote. Akawafuata nyuma mpaka ufukweni huku akijikuna shingo, akawaona wakianza kutandaza mahema, kila mmoja pale palipokuwa kwake. Akajitenga pembeni kutafuta mtandao, akapiga namba ya wizara aliyoagizwa kuipiga pakitokea utata.

Simu ikalia ndani ya mkoba wa Leokadia.

Akaitoa, akaitazama. Mama yake akaitazama pia. Leokadia alijua kwamba Jumatatu Bwana Ngemela atakuwa na habari, na kwamba tingatinga lilikuwa bado limeegeshwa wilayani, na dereva wake hana kazi nyingine. Akapokea.

"Wizara ya Mapumziko."

"Bosi, Sajenti Magesa wa Lumuli hapa," ilisema sauti. "Watu wa Mabare wameteremka na mahema yao. Niwafanye nini?"

"Waache wakae."

"Sawa, Bosi. Ila amri kama hii lazima niiandike na jina la aliyeitoa. Niandike wizara tu, kama kawaida?"

"Hapana," alisema. "Andika Leokadia Kagoma, binti Kokugonza, wa Ntungu."

Sajenti Magesa aligeuka, kwa sababu jina lile lilikuwa limemfikia kwa sikio la simu na kwa sikio la upande wa pili. Akamwona mwanamke ameketi kwenye nyasi, simu ingali sikioni, viatu pembeni. Walitazamana kwa muda. Mmoja wao angeweza kukata simu, lakini hakuna aliyekata.

Kisha sajenti akaliandika lile jina polepole, herufi kwa herufi, akijua, kama alivyojua mwenye jina, ni nani atakayelisoma Jumatatu. Alipomaliza akarudisha kalamu mfukoni, akaenda kumshikia Mzee Byera upande mmoja wa hema, maana upepo ulikuwa umezidi.